Mayai Yenye Ufa

Mwanangu Somoe,

Nimekaa juu ya gunia la pumba ndani ya stoo ya chakula cha kuku hapa Masasi, na kutoka hapa mlangoni nakuona unavyomfuata bibi yako huku na huku kama umefungwa kwake kwa kamba. Kesho asubuhi mnapanda gari la Newala. Jua bado lipo, lakini mimi toka mchana nakaa nainuka, nakaa nainuka, mpaka Mama Edina, mwenye kuku hawa, ameniuliza kama nimekanyaga siafu.

Habari za nguo zako, za dawa ya kikohozi, na kwamba hupati usingizi mpaka ushike sikio la mtu, nimemweleza Bibi kwa mdomo. Hizo si za kuandika. Naandika yale ambayo mdomo wangu unayashindwa, na unashindwa mengi. Utayasoma siku utakayojua kusoma. Ukiona mwandiko umepinda, ujue hapo nilikuwa nimesimama.

Nianze na lile kubwa, maana nikizungukazunguka sitalifikia. Bibi amekuja na mpango wa mjomba wangu. Mpango ni kwamba ukifika Newala utamwita Bibi mama, na mimi utaniita dada. Siku hizi ni ruksa watu binafsi kufungua shule, na imefunguliwa moja njia ya Ndanda. Mjomba anasema atauza korosho zake anilipie nirudi kidato cha pili. Ila amesikia kwamba hawataki wasichana wenye watoto. Hajauliza, amesikia tu. Jana Bibi alinieleza yote hayo, akamalizia, "Unasemaje, mwanangu?" Nikaangalia miguu yangu. Kwetu msichana akiangalia miguu amekubali. Basi ikawa nimekubali.

Sijakubali. Wala sijakataa. Ndiyo maana sikai kitako.

Wacha nikueleze kwanza habari za kuku, labda moyo utatulia, maana huko unakokwenda utasikia upande mmoja tu. Bibi yako wimbo wake ni mmoja: kuku wa kizungu hana ladha, na yai lake ni maji ya kunawa. Utausikia asubuhi na jioni. Na wewe umekulia kwenye mayai hayo hayo, kwa hiyo ni haki yako kujua.

Hawa kuku wa Mama Edina huja vifaranga, kwa basi kutoka Dar es Salaam, ndani ya maboksi yenye matundu. Masika barabara ikiharibika, au kivuko cha Rufiji kikisimama, vinafika vingine vimeshalala usingizi wa moja kwa moja. Mara ya kwanza kufungua boksi nilikuwa na mimba yako. Shule ilikuwa imenitoa. Baba yako alikuwa ameshakwenda Dar es Salaam, na zaidi ya hapo sijui habari zake, sikufichi kitu. Mama Edina, mwalimu mstaafu ambaye nilikuwa nakaa kwake nikisoma, hakunitoa. Aliniwekea boksi mapajani akaniambia, "Chovya midomo yao kwenye maji, mmoja mmoja, wajue maji ni nini. Na usiwalilie, wataloa watakufa."

Nikawa nawachovya. Nilipenda kazi ile kwa sababu kifaranga hakuulizi kitu.

Unajua mimi nilivyo. Nyumbani Newala tulisema Kimakonde, shule ya msingi wakatufundisha kwa Kiswahili, sekondari wakaleta Kiingereza. Mwalimu wa baiolojia alituchoresha yai, nikaandika majina ya sehemu zake zote kwa Kiingereza bila kukosea hata moja. Angeniambia nisimame niyaseme, ningeanguka. Nina lugha tatu, na nikiitwa mbele ya watu zote zinakimbilia uvunguni.

Sasa nikwambie kuku wa kizungu alivyopata jina baya kijijini kwetu. Kosa si lake, ni langu.

Ulipotimiza arobaini ilibidi nikupeleke kwa Mjomba, nimwombe radhi. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, wakati mwingine kuliko hata baba. Na huendi kuomba radhi mikono mitupu, unakwenda na kuku. Mama Edina akanipa mmoja wa nyama, mweupe, mzito, hata kutembea anahema. Pale kijijini watoto walitufuata wewe na yule kuku, na sidhani kama walikuja kukuona wewe.

Bibi akamweka jikoni asubuhi na mapema. Kuku wa kule, wanaokimbia kutwa chini ya mikorosho, ukitaka umle mchana umwashie moto kabla umande haujakauka. Mimi nilijua huyu hatakiwi hivyo. Nilishawapika hapa mara nyingi. Chungu kikichemka vizuri, ukamenya vitunguu, ukaosha sahani, ameiva. Nilikuwa nimekaa pale pale jikoni, wewe mgongoni. Bibi akasema, "Ongeza kuni, huyu mkubwa."

Nikaongeza kuni.

"Ongeza tena, bado hajanukia."

Nikaongeza tena.

Mchana Mjomba akaja na kofia yake safi, akanawa, akakaa mkekani. Mtu kama yeye anastahili firigisi na paja, na kila mtu alikuwa anangoja aone paja la yule kuku wa ajabu. Bibi akafunua chungu. Akachungulia. Akachukua upawa akakoroga, akachungulia tena.

"Vipi, kuku yuko wapi?" Mjomba akauliza.

"Yumo humu humu, kaka."

"Humo wapi? Mbona mimi naona uji?"

"Ameiva kidogo."

"Kidogo! Basi nileteeni kijiko. Kumbe kuku wa siku hizi ananyweka."

Mama mdogo alicheka mpaka akatoka nje. Firigisi peke yake ndiyo ilikuwa imebaki na umbo lake. Mjomba akaitafuna taratibu, ananiangalia, halafu akasema yamekwisha, mtoto ni wetu. Nadhani kicheko ndicho kilichoniokoa. Lakini toka siku ile kijiji kizima kinasema kuku wa kizungu ni uji. Yule kuku hakuwa mbaya, Somoe. Alipikwa kama mtu mwingine, na aliyemjua alikuwepo, akanyamaza.

Halafu safari ile ile nikarudia. Nilikuwa nimekwenda na mayai pia, makubwa, na Bibi akachagua yale makubwa kabisa akamwekea kuku wake aliyekuwa anaatamia. Alitaka apate kizazi kikubwa. Nilijua bandani kwa Mama Edina hamna jogoo. Nilijua mayai yale hayana kitu ndani, yangekaliwa mpaka mwisho wa dunia. Nikafungua mdomo, nikaufunga, nikaenda kuchota maji, na maji ya kule yako mbali mpaka bondeni. Nikarudi Masasi bila kusema. Nasikia yule kuku alikalia mpaka akabaki manyoya na macho. Mayai yakaanza kupasuka yenyewe kwa harufu, na Bibi akamlaumu jirani kwamba amemrogea kuku. Bibi na yule jirani walikuja kusalimiana tena baada ya Mama Edina kuandika akaeleza.

Nimeinuka kidogo, nimerudi. Kuku wanataka maji. Wewe umepanda juu ya debe, Bibi anakwambia ushuke, hushuki.

Leo mchana umeyaona mwenyewe, lakini utasahau, kwa hiyo nayaandika. Bibi alikuwa amekuja na jogoo ndani ya tenga, zawadi kwa Mama Edina. Mama Edina akasema basi na mimi nachinja wangu, leo tujue moja. Jirani yetu Mzee Bakari akaitwa achinje wote wawili ili kila mtu ale. Vikawekwa vyungu viwili. Jogoo akatangulia asubuhi. Kuku wa Mama Edina akaingia jikoni watu wameshaanza kusikia njaa. Safari hii nilishika muda mimi.

Bibi na Mama Edina hawakuaminiana hata kidogo, kwa hiyo Mzee Bakari akafanywa hakimu. Mama Edina akamfunga khanga machoni.

"Fungua mdomo, mzee."

"Mnanifunga macho, mnanifungulisha mdomo. Nyie wanawake mna nia gani na mimi?"

"Kula, acha maneno."

Akatafuna. Akatafuna tena. "Huyu ni wa Newala huyu. Mpaka sasa bado anabishana na mimi."

Bibi akapiga kigelegele.

"Ngoja, dada, ngoja. Mwalimu, lete wako." Akala. "Huyu laini. Huyu kama andazi."

"Lakini mtamu?" Mama Edina akauliza.

"Mtamu, mwalimu, kwa mtu asiye na meno. Mimi bado ninayo, japo machache."

Yakaletwa mayai ya kuchemsha, yamemenywa, moja la hapa na moja la Newala. Hapo sasa. Mzee Bakari akala la kwanza akasema hili la kienyeji, lina ladha, nimelijua. Akala la pili akasema hili maji. Kumbe kageuza. La kwanza lilikuwa la Mama Edina, limetagwa leo. La Bibi limesafiri kwenye gari, pengine na kabla ya gari lilikaa. Mama Edina alirukaruka pale uani kama hajawahi kuwa mwalimu.

Bibi akakasirika kweli. Akasema, "Yai lisilo na baba litakuwaje na ladha!"

Mama Edina akaacha kurukaruka. Mzee Bakari alikuwa bado amefungwa macho, akawa anageuza kichwa kutafuta kilichotokea. Bibi akajishika mdomo. Wewe ukaja katikati yetu ukaomba kile kipande kilichobaki, ukapewa, ukala, ukasema "tena."

Mimi nikaangalia miguu yangu.

Kwa hiyo kuhusu ladha, nakupa ninayoyajua. Kwenye nyama Bibi ana haki. Jogoo wake amekaa duniani, amekimbia, amefukua mchwa, amekula maganda ya muhogo, amepigana, na hayo yote yanaingia kwenye mchuzi. Wetu wanachinjwa hawajajifunza hata kuwika. Ila Bibi hatakwambia upande wa pili, kwamba mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ukiingia uani kwake unamaliza wote, anabaki na tenga tupu na hadithi, na wale vifaranga ambao mdondo umewasahau mwewe anawakumbuka. Kwenye mayai mimi sioni tofauti wanayoisema. Kiini cha yai la Bibi ni cha njano kwa sababu ya majani. Na mimi nikiwatupia hawa mchicha wiki nzima, kiini chao kinakuwa cha njano vile vile. Chakula kikizidi dagaa, yai linanuka dagaa, hilo kweli, siwezi kubisha. Lakini yai la leo ni yai la leo. Mengine ni macho, na mengine ni kujivunia kwenu.

Na kuna mayai ambayo Mzee Bakari hakuonjeshwa. Mama Edina hawezi kuuza yai lenye ufa. Wateja wanaligeuza, wanalirudisha. Basi toka ulipozaliwa, kila yai lenye ufa lilikuwa langu. Maziwa yangu yalikauka mapema, sijui ni mawazo au nini, na mimi sikumwambia mtu, nikawa nakupa uji mtupu. Mama Edina akaona mwenyewe. Siku ile aliacha mayai dirishani kwangu, na nilipoyaangalia yote yalikuwa na ufa wa namna moja, ufa mdogo wa kugongwa na kucha. Nikakusagia kiini kwenye uji. Ukatema. Nikakupa tena, ukakaa nacho mdomoni ukifikiri, halafu ukameza, ukanicheka na uso wa njano. Sijui ladha yake ilikuwaje kwako. Mimi nilipolamba kijiko nililia, kwa hiyo kwangu yalikuwa na chumvi.

Jana Bibi alikushika mkono akauminya, akasema, "Mtoto laini huyu. Kalelewa bandani." Ningemjibu hivi: ndiyo, kalelewa bandani, na kakua.

Sikwambii haya ili ubishane naye. Mle kuku wake, ni mtamu. Kimbia chini ya mikorosho, chimba ming'oko, vile viazi vya porini, na wenzio, uchafuke na ule udongo wa kule, mguu ukauke uwe mgumu. Natamani uwe na vitu hivyo. Hapa nina stoo na banda na wewe katikati, na mimi nikienda shule nani atakuangalia? Mama Edina magoti yamechoka. Nimeyazungusha haya kichwani toka jana na kila nikizungusha unakwenda. Unakwenda, sawa. Kinachonipandisha na kunishusha ni lile jina. Naogopa utalizoea. Mtoto anazoea haraka. Utakula mayai ya kule msimu mmoja, na ukirudi utasema haya yetu hayana kitu. Na mimi nitakuwa dada fulani wa Masasi anayekuja likizo na mkate.

Halafu nimefikiri: wewe utaisoma barua hii lini? Labda darasa la pili, labda la tatu. Miaka yote hiyo ningekuwa nimekaa kimya, nangoja karatasi iseme kwa niaba yangu. Naongeza kuni tena. Nimejiona kabisa, mkono unasukuma kuni.

Ngoja nitoke.

Nimerudi. Naandika nimesimama, utaona.

Bibi alikuwa anafunga nguo zako ndani ya kitenge, amenipa mgongo. Nikasimama nyuma yake muda mrefu mpaka nikasikia aibu ya kusimama.

"Mama."

"Mm."

"Asiniite dada."

Hakugeuka. Alikaza fundo. "Umesemaje?"

Hapo ndipo miguu ilipotaka kuondoka. "Somoe asiniite dada. Aende, nakubali aende. Lakini wewe ni bibi yake, mimi ndiye mama yake. Na shule nitakwenda mwenyewe kuuliza. Kama hawataki, waniambie mimi mbele ya uso wangu."

"Na mjomba wako, aliyejitolea?"

"Mwambie nimesema mimi. Au nitakuja nimwambie."

Akageuka sasa. "Wewe? Umwambie Mjomba? Wewe uliyemwamkia mbuzi shikamoo kwa sababu hukuinua macho uone nani kaingia?"

"Nitamwambia."

"Watu watasema."

"Mama, si wanasema tayari?"

Akaniangalia. Mimi sikuangalia miguu, nakuapia, niliangalia kidevu chake, na kidevu kilikuwa mbali sana kwangu kufika. Akasema taratibu, "Mimi nilikuwa natafuta namna urudi darasani. Sikutafuta mtoto, watoto nimezaa wa kunitosha." Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyebeba mzigo kutoka Newala akaambiwa haukuwa wenyewe.

Ndipo ulipoingia wewe, unyoya kichwani, vumbi mpaka masikioni. Bibi akakushika mabega akakugeuza kwangu.

"Somoe, huyu nani?"

Ulimwangalia yeye, ukaniangalia mimi, kama mtoto anayeulizwa na mtu mzima kitu ambacho mtaa mzima unakijua. Halafu ukasema vile wanavyosema wanaokuja kununua mayai, wanaponiita pale getini kwa sauti kubwa:

"Huyu Mama Somoe."

Bibi akacheka, akafuta jicho kwa ncha ya kitenge, akasema, "Haya, nimesikia." Akalifungua lile fundo akalifunga upya, eti alilikaza vibaya.

Basi ndivyo ilivyo, mwanangu. Sijui shule watasema nini, na sijui Mjomba atanijibu vipi. Nikikubaliwa nitakuja shule zikifungwa. Nikikataliwa nitakuja mapema zaidi. Ukiwa umenisahau sura, usione haya, uliza tu kwa sauti ni nani huyu amesimama mlangoni, nami nitakujibu mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla mtu mwingine hajasema.

Ni mimi,
Mama Somoe